Upande wa Pili wa Meza

Zenobio, dereva wa lori la madini, aliingia karakanani amekumbatia ekseli iliyokatika kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akasimama katikati ya sakafu tupu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Fundi, bado haijarudi?"

"Bado," alijibu Casiano Lupa. "Wiki ijayo."

"Na wiki iliyopita ulisema wiki ijayo."

"Wageni wa Ufini wanakuja Ijumaa hii. Wakishaiona tu, inarudi."

Zenobio akageuka, akausoma mlango. Casiano mwenyewe ndiye aliyeuandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: KARAKANA YA LUPA, CONTRAPARTE WA KIMATAIFA.

"Basi mpigie simu huyo mwenzako wa kimataifa," alisema Zenobio, "aje na ndege anikerezee ekseli yangu. Lori limelala barabarani siku ya tatu."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Casiano kilikatika kabla ya cha mwenzake. Fortunata, mkewe, aliyaona hayo kutoka mlango wa jikoni. Akamimina kikombe cha api, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau anaouza kila asubuhi, akampelekea dereva.

"Kunywa, Zenobio. Baridi ya leo haina adabu."

Zenobio akanywa amesimama. Kisha akainyanyua ekseli yake, akasema, "Hii nampelekea fundi mwingine, Ticona, kwa sababu ni ya haraka. Lakini kuna nyingine mbovu nyumbani, hiyo nitakungoja wewe, fundi." Hakukuwa na ekseli nyingine nyumbani. Fortunata alijua, maana mke wa Zenobio ni mteja wake wa api. Moyoni akamshukuru kwa uongo ule.

Mashine ya kukerezea vyuma ilikuwa imeondoka Oktoba. Casiano huiita Bikizee. Alianza kuitumia kabla hajaoa, na kwa miaka thelathini wanafunzi wa Chuo cha Uhandisi cha Cerro Pelado walikuja kujifunzia kwake, kwa kuwa chuo kilikuwa na vitabu na hakikuwa na mashine. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Remberto Arancibia, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa chuo. Wakati wa masomo yake alikula mezani kwa Fortunata miaka mitatu. Binti yao Yovana alipozaliwa, yeye ndiye aliyemshika kanisani wakati wa ubatizo, na tangu hapo wakaitana compadre na comadre, jambo ambalo katika mji wao wa Oruro ni zaidi ya undugu.

Ndiye aliyekuja Oktoba na habari ya ushirikiano. Chuo kikuu cha Ufini kitaleta mashine zinazoendeshwa na kompyuta, kitafundisha walimu, kitachukua wanafunzi wawili wakasome kule miaka miwili, na mji utapata viwanda. "Na wewe, compadre," alimwambia Casiano, "wewe utakuwa contraparte."

Neno lile lilimwingia Casiano kama kileo kizuri. Contra ni mkabala, parte ni upande. Alilielewa hivi: kuna meza, upande mmoja wamekaa Wafini, na upande wa pili amekaa yeye. Mashine ikapelekwa chuoni, na siku ya pili akanunua rangi nyekundu.

*

Dereva alipoondoka, Casiano akachukua tupa, akaanza kusugua kipande cha chuma ambacho hakuna aliyemwagiza. Fortunata akavaa shali yake na kofia.

"Unaenda wapi?"

"Kwa compadre."

"Usimsumbue, Fortu. Ana ugeni."

"Sitamsumbua. Nitamsalimia."

Alimngoja nje ya ofisi tangu saa tatu hadi saa sita kasorobo, kwenye benchi la saruji lenye baridi ya kaburi. Bi Nélida, karani, alitoka mara ya kwanza kumwambia mkuu yuko kwenye simu. Mara ya pili alitoka bila neno, akamtandikia sweta lake mwenyewe pale kwenye benchi, akarudi ndani.

"Comadre!" Remberto alimkumbatia mlangoni. "Mbona hukusema kama ni wewe?"

"Nilisema."

"Aa, hawa makarani. Karibu, karibu. Api ya Ijumaa iko tayari? Profesa wa Ufini nimemwambia, utakunywa api ya comadre wangu, utasahau kahawa."

"Api ipo. Nimekuja kwa habari ya Bikizee."

"Bikizee anakula raha. Yuko kwenye chumba chenye joto, kuliko hata mimi."

"Anarudi lini?"

Remberto akafunga mlango. Akakaa, si nyuma ya meza yake bali kwenye kiti cha karibu naye, na sauti akaishusha ikawa ile wanayoitumia watu mbele ya wagonjwa.

"Comadre, sikiliza taratibu. Wafini wanatoa mashine mpya. Mkataba unasema na sisi tutoe chetu kinacholingana. Hicho tunachotoa sisi ndicho kinachoitwa contraparte. Umenielewa?"

"Contraparte si mtu?"

"Si mtu. Ni kitu. Ni mchango."

Fortunata akalitafuna neno lile kidogo. "Sisi tunaotoa ni akina nani?"

"Sisi. Chuo. Mji. Nchi."

"Mashine ni ya Casiano."

"Ilikuwa. Alisaini."

"Na wewe, compadre, umetoa nini?"

"Mimi?" Remberto akashangaa kweli. "Mimi nimetoa muda wangu. Usiku silali, comadre. Tazama macho haya." Kisha akamshika mkono. "Na Yovana je? Nafasi ni mbili tu. Kuna watoto wa mawakili, watoto wa wenye migodi. Nimempa binti yangu wa ubatizo nafasi moja. Sasa mkiichomoa mashine, hesabu ya mchango wetu inapungua, Wafini hawasaini, na yeye anabaki hapa akiuza api. Samahani, sina maana kwamba kuuza api ni vibaya."

"Sijasema ni vibaya."

"Basi tumeelewana." Akatazama saa.

Bi Nélida alimsindikiza hadi kwenye korido. Hapo akasimama kana kwamba kiatu kimembana, akatoa karatasi chini ya faili. "Soma haraka, Doña Fortu. Mimi sijakuona."

Fortunata husoma polepole, kidole chini ya mstari. Aliikumbuka karatasi ile. Compadre aliileta nyumbani siku walipokuwa wakila, na Casiano, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika, alimpa Yovana aisome kwa sauti. Yovana alisoma vizuri, kama mtangazaji wa redio. Alipofika mstari wa nne alisoma: "Familia ya Lupa inaiweka mashine hii chuoni kwa muda wa maandalizi." Baba yake akasema, "Mwanangu anasoma kama wakili," akasaini kati ya sahani mbili.

Sasa kidole cha Fortunata kilifika mstari wa nne. Pameandikwa: *Familia ya Lupa inakipa chuo mashine hii moja kwa moja, na haitaidai kamwe.*

Akausoma mara ya pili, asije akawa ameruka neno. Hakuwa ameruka. Akairudisha karatasi, akakunja na lile sweta vizuri, mikono ya sweta ikiwa ndani, akasema, "Mungu akubariki, binti."

*

Yovana alirudi saa kumi. Akamkuta mama yake anamenya viazi, akachukua kisu akakaa naye bila kuambiwa, kama alivyofanya tangu utotoni. Wakamenya viazi vitatu, vinne.

"Mstari wa nne," alisema Fortunata.

Kisu cha Yovana kikasimama.

"Nani kakuonyesha?"

"Hilo ndilo unalouliza?"

Msichana akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, wa kwanza katika ukoo wa Lupa na ule wa Colque wa mama yake kufika chuo, na kwenye vidole vyake kulikuwa na weusi wa grisi usiotoka, kama wa baba yake.

"Mama, wenzangu wana baba wa kupiga simu. Injinia Remberto aliniita, akasema, wewe una alama, lakini alama wanazo wengi. Akauliza, nyumbani mna nini? Mimi nilikuwa na nini?"

"Ulikuwa na mashine ya baba yako."

"Nikirudi nitamnunulia mpya. Inayojiendesha yenyewe. Naapa."

"Ukirudi baada ya miaka miwili. Sasa hivi anasugua vyuma visivyo na mwenyewe, ili majirani wasikie kelele, wadhani kuna kazi."

Yovana akaanza kulia kimyakimya, machozi yakidondokea maganda.

"Kwa nini hukumwomba?" aliuliza Fortunata. "Baba yako angekupa. Ungesema tu, baba nipe. Angeibeba mgongoni hadi Ufini."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndiyo maana sikumwomba. Angenipa, halafu maisha yangu yote ningejua kwamba niliichukua mkononi mwake. Hivi nilidhani... nilidhani itakuwa kama imechukuliwa na chuo."

Fortunata alitaka kumpiga, na alitaka kumfuta machozi, na mikono yake ikaendelea kumenya kiazi. Kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

"Utamwambia."

"Ijumaa ikipita, mama. Mkataba ukishasainiwa. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Usinitangulie, nakuomba."

"Ijumaa ikipita," alisema Fortunata.

*

Ijumaa ile ilikuwa Ijumaa ya Karnivali, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, siku ambayo mjini Oruro hakuna fundi anayefanya kazi bila kwanza kukishukuru chombo chake. Hukivika mikanda ya karatasi za rangi, hukimwagia bia na kileo, hukiomba mwaka mwema. Huko ndiko kufanya ch'alla, na anayemwaga ni mwenye chombo. Mkuu wa chuo, kwa kuwafurahisha wageni, alikuwa ameipanga sherehe ya mkataba siku hiyohiyo.

Casiano alivaa suti ile aliyoivaa siku Yovana alipomaliza sekondari. Mfukoni alikuwa na karatasi za rangi, na mkononi chupa iliyofungwa kwa gazeti. Fortunata alibeba sufuria la api.

Getini mlinzi Gumercindo alishusha kidole kwenye orodha ya wageni mpaka mwisho, akakipandisha tena mpaka juu.

"Jina lako silioni, fundi."

"Tazama kwenye contraparte."

Gumercindo akamtazama Casiano, akatazama suti, akatazama kola iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. "Ee, nimeliona. Wameandika vibaya hawa." Akafungua geti kwa mikono miwili, kama linavyofunguliwa kwa magari.

Ndani, meza kuu ilikuwa na kitambaa cheupe na vibao vya majina. Casiano aliizunguka akikisoma kila kibao kwa kukiinamia: mkuu wa chuo, profesa, naibu meya, mtu wa benki. Akamaliza upande mmoja, akaanza upande wa pili. Kijana mwenye tai akamfuata.

"Mzee, wapishi mlango wao ni wa nyuma."

"Mimi ni contraparte," alisema Casiano kwa upole.

Kijana akakuna kichwa. "Sawa. Contraparte wakae kule ukutani."

Wakakaa ukutani. "Meza ndogo," Casiano alimnong'oneza mkewe. "Watu wamekuwa wengi. Si kosa lao."

Fortunata alikuwa akimtazama Yovana, aliyesimama karibu na mgeni, Profesa Aino Rautio, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, akimtafsiria Kiingereza. Fortunata alipoingia na sufuria lake, yule profesa alikuwa ameacha mazungumzo na naibu meya, akaja kumshikia mshikio wa pili wa sufuria hadi mezani. Akasema "asante" kwa Kihispania cha mtoto. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kufanya kazi.

Hotuba ziliposemwa, Remberto akamwongoza profesa kwenye mashine mpya, nyeupe, zenye vioo. Wakazimwagia bia, watu wakacheka profesa aliporuka povu lisimguse. Kisha wakafika kwenye Bikizee. Alikuwa amepakwa rangi ya kijani. Ubavuni alikuwa amepigiliwa kibati chenye namba ya chuo. Remberto akainua glasi.

"Compadre, ngoja!" Casiano alikuwa ameshafika. "Huyu ni wangu mimi."

Remberto akatabasamu, akarudi nyuma hatua moja.

Casiano akaivika mashine karatasi zake, za njano na nyekundu, akizifunga taratibu kwenye kila mkono wa chuma. Akaifungua chupa, akamwaga kidogo kwenye kila pembe. "Usinikasirikie, Bikizee," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Miezi minne nimekuacha na watu. Utarudi nyumbani."

Profesa akauliza jambo. Yovana akamgeukia baba yake.

"Anauliza wewe ni nani, baba."

"Mwambie mimi ni fundi Casiano Lupa, contraparte wake. Mwambie ahsante kwa kuja kutoka mbali. Mwambie mashine hii ni yangu, nimewaazima kwa moyo mweupe, na sherehe ikiisha nitaomba nirudishiwe, kwa kuwa wateja wananingoja. Mwambie na wanafunzi waendelee kuja kwangu, sitawadai kitu."

Yovana akafungua mdomo. Fortunata hajui Kiingereza. Lakini aliisikia sauti ya mwanawe, na ilikuwa ile ya mtangazaji wa redio. Maneno yalikuwa machache kuliko ya baba yake. Yalipokwisha, naibu meya akapiga makofi, mtu wa benki akapiga makofi, chumba kizima kikapiga makofi, na Remberto akamkumbatia Casiano huku mpiga picha akiwapiga picha.

"Wamekubali?" Casiano alimuuliza binti yake, uso wake umechanua.

"Wamekubali, baba."

Profesa pekee hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Yovana, kisha Casiano, kisha kile kibati.

Kabla ya kusaini watu walipewa vikombe vya api. Profesa alikuja mwisho, akapokea kikombe, hakunywa. Akainama, akayatafuta maneno ya Kihispania moja moja.

"Mama. Mashine ile. Ya bwana yule? Au ya chuo?"

Fortunata alikuwa na upawa mkononi. Mbele yake mwanamke huyu aliuliza kwa wema, na wema ule ungeweza kufunga kalamu zote mezani. Nyuma ya bega lake Remberto alikuwa amesimama na glasi, hacheki tena. Karibu na dirisha Yovana alikuwa ameshikilia kitambaa cha meza kwa vidole vyake vyenye grisi, hatazami kokote. Na kule ukutani Casiano alikuwa akimwonyesha kijana mwenye tai, kwa mikono, jinsi chuma kinavyokerezwa, na kijana yule, kwa heshima zake, alikuwa ameketi chini kumsikiliza.

"Ya chuo," alisema Fortunata.

"Hakika?"

"Hakika, profesa. Kunywa, inapoa."

Profesa akakaa kidogo na kikombe chake. Kisha akamgusa mkono, akaenda mezani, akasaini.

*

Jumatatu asubuhi Yovana aliamkia chuoni kujaza fomu za safari. Ijumaa ilikuwa imepita, Jumamosi imepita, Jumapili walikula pamoja mkia wa ng'ombe, na baba akasimulia makofi yale mara tatu. Yovana alisikiliza, akaosha vyombo, akaenda kulala mapema.

Casiano alikuwa ameisafisha karakana tangu alfajiri. Alikuwa amenunua bolti nne mpya za kuifungia mashine sakafuni, nene kama vidole gumba, na amezipanga juu ya gazeti. Zenobio na lori lake alikuwa amemwahidi kuja saa nne kusaidia kubeba.

"Fortu! Hebu njoo ushike ncha hii."

Alimpa mwisho wa kamba iliyopakwa chaki, yeye akaenda na mwisho wa pili hadi karibu na dirisha, akapiga magoti.

"Safari hii nitamsogeza huku, apate mwanga. Unaonaje?"

Fortunata alichuchumaa, akaibana kamba sakafuni kwa kidole gumba. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

"Casiano," alisema.

"Ngoja kwanza, nisipoteze kipimo. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Vuta kidogo. Hapo hapo. Usiachie." Akaiinua kamba katikati kwa vidole viwili na kuiachia, na mstari mweupe, ulionyooka, ukajichora sakafuni kutoka kwake hadi kwa mkewe. Akautazama, akaridhika. "Haya. Ulitaka kusema nini?"